Samli Aliyokupa Hooyo

Walaal Mahat,

Usianze kunicheka. Najua barua haifiki ulipo, na najua ungesema, "Habiba, stempu utabandika wapi, mchangani?" Lakini moyo umejaa na hapa kambini sina wa kummwagia. Naandika kwa Kiswahili, hicho hicho ulichoniletea kutoka duka la Garissa ulikokuwa ukipima sukari na majani ya chai, ukanifundisha herufi kwa kijiti, ukanicheka kila niliposema "baka" badala ya paka. Nyumbani kwetu hakuna mwingine anayeweza kukisoma. Hooyo, mama yetu, hawezi, na yeye ndiye hasa nisiyetaka asomewe maneno haya na mdomo wa mtu.

Kaka yangu, nimejua kilichokuua.

Wanaume walikuzika nje ya seng'enge, upande wa mto, mchana wa jua kali. Askari waliwahesabu wakitoka na wakawahesabu wakirudi. Sisi wanawake tulitazama kutoka huku ndani, na Hooyo hakulia. Alikuwa amemgeukia Dahabo, jirani yetu, akasema mbele ya watu wote: "Jicho lako limemla mwanangu." Toka siku hiyo Eedo Dahabo, shangazi tuliyemwita kwa heshima, hana jina jingine hapa. Ni mwanamke wa jicho. Akipita, watoto wanavutwa ndani. Akija kuomba moto, watu wanasema umezimika, na moshi unaonekana.

Wajua alichokosa? Siku uliyorudi alisimama mlangoni, njaa imembana yeye naye, akaona sinia mbele yako, akasema, "Chakula chote hiki!" Hakusema mashallah. Basi. Neno moja lililomtoka mtu mwenye njaa, na likatosha kumhukumu.

Siku uliyorudi! Wallahi sikukutambua. Amri ya serikali ya kuingia kambini ilipotoka, wewe ulibaki nyuma na ngamia huko upande wa Hulugho, kwa sababu ngamia hafugiki ndani ya uzio. Tulisikia ngamia wamepigwa risasi wote. Habari zako hazikuja. Kumbe ulikuwa ukijificha katikati ya watu wawili: shifta, wale waasi wa porini, wanataka ubebe bunduki, askari wanataka kukupiga kwa sababu uko nje. Ulipolifikia lango walikuacha uingie maana hukuweza kusimama. Mzee mmoja alikubeba mgongoni, ulivyokuwa mwepesi.

Hooyo alifukua mtungi. Ule wa nyirinyiri aliouficha chini ya mikeka tangu tuhame, vipande vya nyama vilivyokaushwa na kukaangwa, vimezama ndani ya samli, vinakaa miezi bila kuoza. Sisi wenyewe hatukuwahi kuuonja. Alikumiminia samli ikamtiririka mpaka kwenye viwiko. Akakupa maziwa ya mbuzi, akakupa chai iliyojaa sukari, ukala ukiwa unalia. Nani angethubutu kusema "mpe kidogo"? Kwetu mgeni hapimiwi, sembuse mwana aliyerudi kutoka kwa wafu. Pumzi yako ilinuka kama ndizi zilizoiva mno. Hooyo akasema hiyo ni harufu ya peponi, mwanangu alifika mlangoni wakamrudisha.

Akaendelea kukulisha. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa. "Anarudi mwili!" akasema, na wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilibonyeza muundi wako kwa kidole na shimo likabaki pale pale, halikurudi. Halafu ukaanza kuwaita ngamia kwa majina yao humo ndani ya kibanda. Pumzi ikawa fupi. Nilikuwekea mkono kifuani na moyo ulikuwa unarukaruka kama mwanambuzi aliyefungwa kamba. Ulikufa Hooyo akiwa bado ameshika bakuli.

Haya. Sasa nikwambie kilichobadilika. Nafanya kazi kwenye zahanati ya kambi. Nafagia, nachemsha maji, na namtafsiria Sista Rukia, muuguzi, Mswahili wa Lamu ambaye Kisomali chake chote ni "iska warran", yaani habari yako, na hata hilo huwasalimia nalo watu wanaotapika. Ana mdomo, yule mama! Mngependana. Siku moja waliletwa watu na binti aliyekauka kama ulivyokuwa wewe, na shangazi yake akatoa kikombe cha maziwa na samli. Sista aliruka akakipiga teke. "Mnataka kumuua?" Nikatafsiri, na huku nilishaanza kuelewa.

Jioni tukiosha sindano nilimwuliza habari za mtu aliyekufa huku akilishwa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayefundisha kupika.

Mwili, alisema, umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli, na kila kimoja kina jiko lake. Chakula kinachomwa humo polepole, bila moto wa kuonekana. Kinachozidi kinawekwa akiba: kidogo kinakaa kwenye ini kama sukari, kingi kinageuzwa mafuta, kama kondoo wetu anavyoweka mkiani. Mtu akikosa kula, akiba ya ini haimalizi hata siku mbili. Ndipo mwili unakwenda kwenye mafuta, na ile harufu ya ndizi mdomoni ni harufu ya mafuta yanayochomwa. Hakuna pepo hapo, Mahat. Na mafuta yakipungua, mwili unajila wenyewe. Unakula mapaja, unakula mikono, unakula hata moyo. Waswahili wako husema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulikuwa unaliwa kutoka ndani ya ngozi yako, kila siku uliyojificha, na sisi huku tukikuombea dua.

Nikamwuliza: basi kama jiko lilikuwa linakosa kuni, kwa nini kuni zimemuua?

Akasema nguvu ikishatoka jikoni haijipeleki kazini. Lazima ibebwe. Nikakumbuka visima virefu vya El Wak ulikokuwa ukiteka maji kiangazi kile, wanaume mmepangana kutoka chini hadi juu, mnaimba, ndoo ya ngozi inapita mkono kwa mkono mpaka hori ya ngamia. Nilipomweleza, Sista akapiga paja. "Ndiyo hiyo hiyo! Na ndoo zenyewe zimeshonwa kwa chumvi maalumu iliyo kwenye damu, sawa na ile iliyo kwenye mifupa." Njaa ikikaa sana, chumvi hiyo inakaribia kwisha. Lakini mwili una akili. Unazima majiko mengi, unabakiza ndoo chache, na moyo unapata fungu lake. Mtu anaweza kuishi hivyo muda, hafifu, lakini yuko. Halafu chakula kinaingia kama mafuriko. Vijumba vyote vinaamka kwa pamoja, kila kimoja kinanyakua chumvi kishone ndoo zake, na damu inabaki tupu. Moyo, ambao haupumziki hata kufumba na kufumbua, unanyoosha mkono na hakuna ndoo inayokuja. Maji yamejaa kisimani, na hori ni kavu.

"Wangempa maziwa yaliyozimuliwa, kwa kijiko," akasema, "na kidogo kidogo wangeongeza. Angepona." Alisema hivyo akinipa taulo la kukaushia mikono. Hakujua ni nani anamzungumzia. Nilitoka nje na taulo lake mkononi.

Nikakaa nalo. Ningefanya nini, wewe niambie! Nikisema, nimemtoa Dahabo kwenye jela ya midomo ya watu, na nimemwambia mama yangu kwamba mkono wake ndio uliomuua mwanawe. Nikinyamaza, Hooyo anaendelea kula, anaendelea kulala, maana ana mtu wa kumchukia, na chuki hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Nikachagua mama yangu. Nilikuwa nampita Dahabo kwenye foleni ya maji bila kumwangalia.

Kisha Bare akarudi. Ndiyo, Bare mwana wa Dahabo, uliyekuwa ukicheza naye. Askari walimfunga jela, wakamwachilia, akatembea mpaka huku. Alikuwa mifupa na macho. Dahabo alikuwa na mbuzi mmoja tu duniani, akamchinja. Harufu ya nyama ilinikuta zahanati na nilikimbia na ufagio mkononi, sikumbuki kuuacha. Nilipomwona Dahabo anamwinamia Bare na bakuli la mafuta nililishika bakuli. Akanitazama, Mahat. Nafikiri aliona yale tu ambayo yeyote angeyaona: binti wa yule anayemchukia amekuja kulipiza. Aliokota mchi. "Wamenitenga, nimekubali," akasema. "Sasa na mwanangu mnamnyima chakula?"

Nikamwambia. Sikuwa na njia nyingine. Nilimwambia yote, jiko, chumvi, ndoo, na wewe. Nikamwambia si jicho lako, Eedo, ni samli ya mama yangu. Mchi ukashuka polepole. Aliketi chini, akamtazama Bare, akatazama lile bakuli, akasema tu, "Nionyeshe kijiko."

Nyama ya mbuzi waliila majirani wale wale wasiompa moto, na wakiwa wanatafuna wakamsema. Mkono wa birika! Anampimia mwanawe maziwa kwa kijiko kama dawa! Bare mwenyewe alilia akimtukana mama yake, anataka nyama, na Dahabo alimziba mdomo kwa kiganja huku machozi yakimtoka. Sista alikuja na chupa zake na maneno yake. Dahabo hakumjibu mtu yeyote. Wala hakusimama uwanjani kusema, "Mmesikia? Si mimi." Kila siku nilingoja aseme. Hakusema.

Bare yuko hai. Anatembea kwa fimbo.

Na Hooyo ana macho. Alikuwa akisimama nje ya kibanda chao akijifanya anaokota kuni, akitazama kile kijiko. Siku moja tukiwa mekoni akaniuliza, "Kwa nini ulimkataza mafuta?" Nikasema ugonjwa wa Bare ni mwingine. Nikasema tumbo lake. Nilidanganya vizuri, walaal, sauti haikutetemeka hata kidogo. Lakini yeye ndiye aliyenizaa. Aliinuka, akautoa mtungi, akaumwaga mchangani. Samli yote iliyobaki, kambi nzima ina njaa, na watoto wakaja wakawa wanaokota vipande vya nyama vyenye mchanga. Hakuwafukuza.

Tangu hapo hali. Anafunga mdomo. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimempigia kelele mpaka nikaona aibu. Naiona akiba yake ikiisha. Mikono yake naifahamu, na kila asubuhi ni myembamba zaidi, na laana ya kujua ni kwamba najua kinacholiwa leo na kitakacholiwa kesho.

Jana alikuja Dahabo. Watu walijaa nje, wakidhani amekuja kudai haki yake, na haki anayo. Alipiga magoti kwenye mkeka wa Hooyo na kikombe cha maziwa yaliyozimuliwa. Akasema, "Mama Mahat, fungua mdomo. Ni mimi. Jicho langu ndilo lililomla. Sema hivyo, mbele ya hawa wote, kisha ule." Mahat, nilitaka ardhi ipasuke. Midomo ya Hooyo ilikuwa imepasuka, na sauti ilitoka kama ya kuku.

"Si wewe, Dahabo. Ni mimi niliyemlisha."

Ndipo akalia. Hakuwahi kulia hata siku uliyotolewa humu. Alilia mpaka akaishiwa pumzi, na Dahabo akamshika kichwa, na alipotulia kijiko kikaingia. Kimoja. Akameza. Cha pili akakitema. Leo amekubali viwili kutoka mkono ule ule, wangu bado anaukataa. Sista anasema tusishangilie, amechelewa sana, na moyo wake hautabiriki.

Kwa hiyo sijui, kaka yangu. Huenda ukampata kabla ya mwezi kuandama. Nakuahidi sitaacha kukaa karibu na mkeka ule, aukatae mkono wangu au aukubali. Na nakuahidi kwamba mtu akiniuliza nani alikuua, nitamjibu ni njaa, na njaa ile haikuanguka kutoka mbinguni, ililetwa na watu wenye bunduki, wa huku na wa kule. Samli ilikukuta umeshaliwa.

Lala salama, walaal. Mungu akupe kivuli na maji. Na Hooyo akifika huko kabla yangu, usimweleze habari za seli na chumvi. Mwambie ilikuwa tamu.

Dada yako,
Habiba