Kifuniko cha Tangi Alichochukua Mtani Wako

Baba, shikamoo.

Pikapu yako inatembea. Nimeanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungeniuliza habari za gari kabla ya habari za watu. Mama mzima. Anjela kaolewa Jumamosi. Amekwenda kanisani kwenye kiti cha mbele cha pikapu yako, kama ulivyomwahidi mdogo wangu huyo tangu anasoma shule ya msingi, na huku nyuma wamejaa wapiga matarumbeta. Nimecheka, Baba. Nimelia pia, lakini kucheka kumezidi.

Ngoja nikusimulie.

Tangu tukuzike, kila nikitoka nayo mjini na vitambaa vyangu vya mapazia kurudi nyumbani Kibamba, ilikuwa ikifika Kimara inazima. Haikohoi wala haigongi. Inaishiwa nguvu taratibu, inalala. Nikisubiri robo saa nikiwasha, inawaka kama haikufanya kitu. Mbele kidogo, inalala tena. Fundi Saidi, mwenzako wa pale gereji Vingunguti, alibadilisha plagi, akaosha kabureta, akaifungua pampu ya mafuta akairudisha. Wapi!

Kwenye kikao cha harusi Baba mdogo akasema, "Gari limemfuata mwenyewe. Tukodi jingine, na hili baada ya harusi liende kwenye vyuma chakavu." Anjela akasimama. "Mie sipandi gari la kukodi. Baba aliniahidi." Akaketi, akajifunika uso kwa khanga.

Jumatano Saidi akaning'iniza kidumu cha petroli kwenye boneti, akaunga mpira moja kwa moja hadi kwenye injini, bila kupitia tangi. Ikaunguruma saa nzima, tukanywa chai tukaimaliza. "Injini haina kosa," akasema. "Ugonjwa uko nyuma." Akapuliza bomba la mafuta kwa mdomo, safi. Tukaunga tena kwenye tangi, tukaondoka pamoja kuijaribu. Kimara, ikalala.

Saidi akaanza kulaumu mafuta ya siku hizi. Mie nikakukumbuka ulivyokuwa unazima redio na kuninyooshea kidole: "Nyamaza, nisikie inasemaje." Nikamwambia Saidi anyamaze. Badala ya kufungua boneti nikaenda nyuma, nikafungua kifuniko cha tangi.

Fyuuu! Likavuta hewa kama mtu anayefyonza chai ya moto.

Nikabaki nimekishika. Kifuniko kipya, kinang'aa, nilikinunua mwenyewe. Hakina tundu hata la sindano. Na hapo nikakuona, Baba. Mie nina sare za shule, wewe umeweka kifuniko cha zamani kwenye paja, unakitoboa kwa msumari. Nikakuuliza, mafuta hayatamwagika? Ukasema, "Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie, mama. Ukilinyima hewa, tangi linayang'ang'ania."

Na hicho cha zamani kilikuwa wapi? Kwa mtani wako! Hukuona siku ya mazishi yako, kwa hiyo nakuambia. Mzee Mgaya, yule Mhehe muuza mbao ng'ambo ya gereji, alivaa ovaroli yako, kama watani wanavyofanya msibani, akajilaza chini ya pikapu, akakoroma kama ulivyokuwa unakoroma ukisingizia unakagua sailensa. Watu waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Kisha akafungua kifuniko cha tangi, akakitia mfukoni. "Mngoni haendi popote! Kikomboeni kwa jogoo!" Na sisi, kwa ile simanzi, hatukukikomboa. Nikaona tangi liko wazi, nikaenda dukani.

Tulirudi Kibamba nimekilegeza kile kipya, na haikuzima. Saidi akatoa msumari akitoboe palepale. Mama akakataa. "Jogoo wa watu bado. Malizeni kwanza utani." Alhamisi nikabeba jogoo hadi kwa Mzee Mgaya. Akampokea, akampapasa kifua, kisha akaninyima kifuniko! "Nyie Wangoni nikiwapa leo mtakipikia mboga. Nitakileta mwenyewe Jumamosi."

Jumamosi Anjela kashavaa shela. Matarumbeta wamepanda. Mzee haonekani. Baba mdogo kasimama kando ya gari alilokodi kwa siri, anatazama saa, ananitazama mie. Mara tukasikia watoto wanashangilia barabarani. Anakuja, ovaroli yako mwilini, kifuniko kinaning'inia shingoni kwa kamba kama medali. Akakifunga, akalipiga tangi kofi. "Haya, Mngoni, pumua. Mtoto anaolewa."

Nikashika usukani. Tulipokaribia Kimara hata matarumbeta walinyamaza, nani aliwaambia sijui. Anjela alinishika goti. Mama, aliyebanana naye pale mbele, aliweka kiganja juu ya dashibodi kama anapima mtoto homa. Ukapita mti tunaoegesha chini yake siku zote. Likapita duka la maji. Injini yako inaimba tu. Anjela akapiga kigelegele mwenyewe, bibi harusi mzima, na matarumbeta wakalipuka nyuma yetu. Saidi, aliyepanda nyuma na matarumbeta, anasema aliniona kwenye kioo, mdomo wazi, machozi hadi kidevuni.

Baba mdogo alirudi nyumbani kwa pikapu. Alikaa nyuma, na ngoma kubwa mapajani.

Baba, sasa pumzika. Kifuniko kipya nimekitoboa jana, kwa msumari, kwenye paja langu, nakiweka cha akiba. Pikapu haitauzwa. Na siku ya Mzee Mgaya, Mungu aiweke mbali, nitavaa kofia yake na kubeba kipimo chake cha mbao, na sitakirudisha mpaka nipewe jogoo wawili. Mmoja wako.

Mwanao,
Sofia