Wanaogonga Chini ya Nyumba Yako

Baba,

Shikamoo. Marahaba najua sitaisikia, lakini siwezi kuanza maneno bila kukuamkia. Ungenigeuzia mgongo hata huko uliko.

Sisi wazima, wazima wa kusemea tu. Mama anakula, anakwenda jumuiya, anagombana na kuku wake. Mwanao Masanja bado yuko Chato na samaki wake. Mimi ndiye niliyebaki na kazi yako ya udalali. Nauza nyumba na viwanja vya watu huku pembezoni mwa Geita, na wateja wengine mpaka leo wananiita "binti wa mzee" kana kwamba sikupewa jina. Hayo ndiyo mema. Baya ni kwamba nyumba yako inapasuka, Baba, na Mama yumo ndani, na amekataa kutoka.

Ufa ulianzia chumbani kwenu, kwenye pembe ya dirisha. Ulikuwa mwembamba, nikadhani ni plasta imechoka. Masanja akanipigia simu kunikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kama vile mimi sikusoma shule. Nikamwita fundi, akaziba. Ufa ukarudi. Sasa umeshuka mpaka sakafuni, umetokea na sebuleni, na unaingiza vidole. Mlango wa jikoni haufungiki, wa sebuleni haufunguki mpaka uupige bega. Pale sebuleni Mama alitundika kanga juu ya ufa, ile ya bluu uliyomletea kutoka Kahama, na wageni wakija walikuwa wanamsifia kwamba amepamba.

Unamkumbuka Mabula? Unamkumbuka vizuri, kwa sababu nyumba ya Mama Shija, hapa ubavuni petu, ulimuuzia wewe.

Kila dalali ana namna yake. Wenzako walikuwa wanauza kwa picha za simu, mnunuzi anaona bati na marumaru, anauliza maji, basi. Wewe hukumuuzia mtu nyumba mpaka umempitisha kwa majirani wote wanaopakana nayo akawaamkie, na wakati yeye anaamkia, wewe hukuwa unamsikiliza, ulikuwa unamtazama miguu. Aliyesalimia na mguu mmoja uko nje ulimwambia nyumba imeshapata mtu. Aliyeingia akakaa, akauliza ukoo, akasubiri ajibiwe, huyo ulimpa. Ulikuwa unaniambia, "Minza, mtu haendi kuishi na bati, anaishi na jirani." Mimi nilikuwa nabeba mkoba wako na kucheka, kwa sababu kuna nyumba zilichukua nusu siku kuonyeshwa, chai kila mlango.

Na Mabula aliamkia vizuri kuliko wote. Mwangaluka yake, salamu yetu ya Kisukuma, aliitoa kwa mikono miwili, amejikunja, macho chini, mpaka Mama akatoka jikoni bila kufuta unga mikononi. Akauliza kwetu ni wapi. Aliposikia Kagongwa akasema bibi yake alizaliwa huko. Kesho yake akamletea Mama sukari. Jioni ile ukaniambia umepata jirani wa kutuzika. Ukasema mtu anayejua kusalimia hawezi kukusumbua.

Ulikosea, Baba. Nalisema bila adabu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nina hasira na sioni wa kumkasirikia ninayempenda kama wewe.

Kutuzika, kweli alikuja. Ulipofariki, vijana wa kwake ndio waliojitolea kuchimba kaburi hapa uani, upande wa ukuta wake, mahali ulipopataka mwenyewe. Walichimba upesi na kwa ustadi. Watu wakawasifu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama, sina hata machozi tena, nikamwona mmoja wao ameokota jiwe kwenye udongo uliotoka. Akalilowesha kwa mate. Akaligeuza juani, akalitazama, akamtazama Mabula. Kisha akalitia mfukoni. Mtu yeyote wa Geita anajua jiwe linalolambwa ni jiwe linalotafutwa dhahabu. Na mimi nilijua. Lakini siku ya kumzika baba yako akili haifanyi hesabu, nikageuka kumshika Mama.

Baada ya arobaini yako Mabula akanunua nyumba ya nyuma. Kisha ya upande wa pili. Alipitia madalali wengine, na hakuna mlango uliobishwa, hakuna aliyeamkiwa. Nyumba zote tatu hazina mtu anayeishi. Hakuna nguo kwenye kamba, hakuna moshi, hakuna mtoto anayelia. Madirisha yamepigiwa mbao kwa ndani. Mchana kutwa kuna mashine ya kupuliza upepo inayovuma, na gari la turubai linakuja kuchukua viroba. Ukiuliza unaambiwa ni pumba za kuku. Pumba gani hizo, Baba, zinazowakunja vijana wenye nguvu migongo kama wazee?

Ni duara, shimo la wachimbaji. Wamechimba shimo ndani ya chumba cha Mama Shija, alichokuwa anasalia rozari, na kutoka hapo wanatembea chini kwa chini wanakotaka wao.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuja na mgambo, akafunguliwa mlango, akaonyeshwa mifuko ya saruji na shimo lililofunikwa mabati. Akaambiwa ni la choo. Akatoka anafuta mdomo, ameshapewa soda. Pale nje akanivuta pembeni akaniambia, "Minza mwanangu, shimo hilo linalisha nyumba nyingi za mtaa huu. Usije ukajikuta peke yako." Sikuelewa kama ananihurumia au ananitisha. Tangu siku hiyo majirani ninaowajua tangu utoto wananisalimia wakiwa wameshanipita. Nikiingia dukani, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Juzi nilikuta kuku wawili wa Mama wamekufa mlangoni, hawana jeraha, wamelazwa ubavu kwa ubavu. Mama alisema ni kideri. Nikamwitikia.

Sasa nikuambie la Mama. Hili ndilo lililonikalisha niandike.

Nilianza kumwona anashinda kaburini. Anachukua ungo wa karanga, anakaa juu ya zege lako, anamenya na kuongea. Nikasema ni upweke, tumwache. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sikuiona tangu tukuzike. Siku moja nikampelekea chai, akaweka kidole midomoni pake, akaninong'oneza, "Sikiliza. Anagonga."

Nikaweka kiganja kwenye zege. Kweli. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko.

Mama alidhani ni wewe, Baba. Kwa muda gani sijui, alikuwa anakusimulia habari za nyumbani, akisikia kugongwa anajua umeitikia. Alikuwa anacheka peke yake pale, mama yangu, mke wako, amefurahi kwa sababu mume wake hajanyamaza. Na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia kwamba ile ni nyundo ya mtu. Nilimwambia. Hakulia. Alimwaga karanga zote chini, akainuka, akaingia ndani, na tangu hapo hajakaa tena pale. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mabula siku ile, na nilijichukia na mimi kidogo.

Masanja alikuja kutoka Chato. Usimlaani, anamwogopea Mama kuliko anavyosema. Shauri lake lilikuwa fupi: tupige plasta, tupake rangi, tuuze upesi kabla ukuta haujasema wenyewe, Mama akajengewe chumba kwake. Alikuwa ameshampata mnunuzi, mwalimu kijana aliyehamishiwa huku, ana mke na mtoto wa kunyonya. Wakaja kuangalia. Nikawatembeza kama ulivyonifundisha, huku rangi bado inanuka. Yule mke alichoka, akaketi sakafuni sebuleni amnyonyeshe mtoto. Akaweka mkono chini kujiegemeza. Akainua uso akaniuliza, "Dada, jirani ana mashine ya kusaga?"

Masanja akanitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba, Baba, na ni ndugu yangu wa pekee. Nikatandua kanga ukutani, ufa ulikuwa umeshapasua plasta mpya. Nikawaambia wamchukue mtoto wao waende zao, na wasinunue nyumba yoyote kwenye mstari huu hata wakipewa bure. Mwalimu alinishukuru. Masanja alipanda basi siku hiyo hiyo, simu zangu hapokei. Na dalali aliyefukuza mteja mtaani kwake mwenyewe, unajua habari yake inavyosafiri. Sijaonyesha nyumba tangu siku hiyo.

Habari ilimfikia na Mabula. Akaja mwenyewe, mchana kweupe, amevaa shati safi. Akabisha hodi. Akajikunja vile vile, mikono miwili, akamwamkia Mama kwa Kisukuma kizuri kile kile, na Mama akamwitikia, kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Akasema amesikia tuna shida ya nyumba, yeye ni jirani, atainunua kama ilivyo, na nyufa zake. Kisha akasema neno ambalo bado linanitembea mwilini: "Na kaburi nitalichukua. Mzee wetu hatasumbuliwa. Nitamtunza." Alisema kwa upole sana. Alipokuwa anatoka alipita kaburini, akakanyaga pembeni ya zege kwa kisigino, mara mbili, taratibu, anasikiliza.

Nikaenda kupatazama alipoondoka. Zege limezama upande wa kichwa chako. Msalaba umeinama. Mvua iliyonyesha asubuhi ilikuwa imetuama uwanja mzima, lakini pale hapakuwa na tone.

Mama aliosha kikombe alichonywea Mabula, akakitoa nje, hakukirudisha kabatini. Ndipo akasema. Ujue nilishamwomba kwa magoti ahame, mchungaji alimwomba, Masanja alimfokea, na kila mara jibu lake lilikuwa kwamba mke hamwachi mumewe kwa watu asiowajua. Safari hii alisema, "Mimi nitatoka. Lakini sitoki mpaka atoke yeye."

Kwa hiyo, Baba, kesho asubuhi tunakuja kukutoa.

Baba mdogo amekwisha fika kutoka Kagongwa. Kibali tumepata, na bwana afya atakuwepo. Utalala kwenu, karibu na mama yako, kwenye udongo ambao haujawahi kumvutia mtu. Mama atabaki huko na shangazi. Godoro lake na sufuria zimeshafungwa, kuku amewagawa. Ana haraka kama bibi harusi, namwonea huruma. Nilimtumia Masanja ujumbe. Hakujibu, lakini mkewe ameniambia ameomba gari la samaki lije, amelisugua kwa sabuni tangu jana.

Nyumba sitaiuza. Si kwa mwalimu, si kwa Mabula. Nitaifunga na ufunguo nitakaa nao mimi. Najua ni kazi bure, anayekuja kwa chini haombi ufunguo. Siku moja itakaa chini yenyewe, na nyingine zitaifuata. Nikipita mtaani sasa siangalii mabati, nasikiliza nyayo zangu. Kuna watoto wanaruka kamba kwenye nyua hizi, Baba. Naenda kwa kila mama mwenye nyumba namwambia. Wengine wanaufunga mlango kabla sijamaliza. Mmoja aliniambia mume wake ndiye anayeshika nyundo.

Kuna jambo ninaloliogopa na sijalisema mbele ya Mama. Naogopa kesho tutafunua zege na kukuta hakuna chini. Kwamba wameshafika. Kwamba Mabula alipokanyaga kwa kisigino hakuwa anapima, alikuwa anahakikisha. Nimenunua kamba nene, nimeificha chini ya mkeka. Wachimba kaburi wakirudi nyuma, nitajifunga mimi na nitashuka, niingie kwenye shimo lao mpaka nikupate, kwa sababu Mama nimemwahidi kwamba utapanda gari, na wewe ulinilea nisimwahidi mtu nisichokitimiza. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Sitaondoka hapa na jeneza tupu.

Nimekaa barazani. Jua limeanza kushuka, Mama ananiita nikakamate jogoo aliyebaki. Chini ya miguu yangu wanagonga, na leo wanagonga kwa haraka, nadhani wamesikia tunakuja.

Kwaheri ya nyumba hii, Baba. Kesho ukisikia majembe, subiri kwanza ujue yanatokea wapi. Yakitokea juu, ni sisi.

Binti yako,
Minza