Jina Ulilomnyima Tabu

Mama mkwe,

Wenzangu wakimwandikia marehemu huanza na pumzika kwa amani. Mimi siwezi. Nimekaa hapa jikoni, kijijini kwetu Mamba, mwanao yuko shambani kwenye mpunga, na nina hasira na wewe. Kuandika nimejifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, kile ulichosema ni cha wanawake wasio na kazi. Wewe kusoma hukujua. Basi huko uliko mtafute wa kukusomea, na asiruke hata neno.

Jana tumemaliza matanga yako. Watu walikula, wakanywa, na baba mkubwa, shemeji yako, akasimama akasema jina la Yustina lisipotee bure, apewe mjukuu wako Tabu kama desturi inavyotaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikaona giza. Tabu! Tabu huyu huyu uliyemnyima jina lako kabla hajatolewa hata nje!

Labda umesahau. Mimi sijasahau. Binti yangu alizaliwa mzuri, midomo mizima, kila aliyeingia akasema kafanana na wewe. Ulishanunua na kitenge cha kumbebea, maana jina angepewa lako. Halafu akashindwa kunyonya. Anavuta, anachoka, maziwa yanamtokea puani. Mkunga akamtia kidole mdomoni akapapasa. Kaakaa lilikuwa limepasuka, huku juu mdomoni ni uwazi mtupu. Ukakirudisha kitenge sandukuni. Ukasema mbele ya watu, "Jina langu haliingii kwenye mdomo uliotoboka. Muiteni Tabu." Ukaongeza kwamba nilipasua kuni nikiwa na mimba changa, ndiyo nikampasua mtoto.

Kuni! Na nani alikuwa ananituma kuni kila asubuhi, mama? Mizimu?

Sista wa zahanati ya misheni ndiye aliyenifundisha kumkalisha mtoto wima, kukamua maziwa kwenye kikombe, na kumnywesha kwa kijiko. Tone, nasubiri ameze, tone tena. Akipaliwa namwinamisha mpaka apumue. Majirani waliniambia nisijisumbue, wa hivi hawakai. Na wewe ulikuwa unakuja unasimama mlangoni, unakitazama kile kijiko, kisha unageuka unaondoka bila neno. Nikadhani unamwonea mtoto kinyaa. Nilikuchukia kwa hilo kuliko yote.

Akakaa. Akakua. Alipoanza kusema, maneno yote yakapitia puani. Hata jina hilo ulilomtupia lilimshinda. Akiulizwa anaitwa nani anajibu, "Namu," na watoto wa mtaa wakaligeuza wimbo. Nyie mlikuwa mmekaa barazani mnapukuchua mahindi, na hakuna hata mmoja aliyewakemea.

Kisha akaja yule daktari wa misheni aliyekuwa anafanya utafiti wa watoto wa namna hii. Alisema ukweli wake: chanzo chote hawajakijua. Kaakaa huungana mtoto akiwa bado mdogo sana tumboni, na kwa wengine haliungani. Si kuni, alisema, si kumcheka mtu, si kurogwa. Ila mara nyingine linatembea kwenye ukoo, kwa hiyo anauliza pande zote mbili. Mama yangu mzazi alisafiri toka Kabungu, akawataja watoto wote wa kwao, wazima na waliokufa, wala hakuona aibu. Ilipofika zamu yako ukainama pale kwenye kigoda ukasema, "Kwetu hakuna."

Kwetu hakuna. Daktari akashukuru, akaenda zake. Na kijiji kizima kikajua, basi limetoka kwetu, kwa akina Anastazia. Mdogo wangu wa kike alikuwa na mchumba hapo Majengo, na wale watu wakarudi nyuma. Hilo nalo nimelibeba mgongoni miaka yote.

Tulipanda lori mpaka Mpanda, tukapanda treni, Tabu akashonwa kaakaa hospitali kubwa. Wewe hukuuliza hata amerudije. Kidonda kilipopona, Sista akatuambia kushonwa peke yake hakutoshi, mtoto afundishwe kutoa pumzi kwa mdomo. Basi tukawa tunakaa uani na makapi ya mpunga. Naweka kidogo kiganjani kwake, namziba pua, anapuliza. Baadaye bila kumziba. Yalipokuwa hayaruki alikuwa analia, na mimi nalia, tunaanza tena. Siku aliposema "Tabu" ikatoka Tabu kamili, nilikimbia uani kama mwehu.

Kwa hiyo jana baba mkubwa alipomaliza, nilisimama. Ndiyo, mkwe, mbele ya wazee. Nikasema jina lililomkimbia mtoto akiwa mgonjwa linamtafutia nini sasa? Wakaniambia nikae. Ndipo mdogo wako, mama mdogo Felista, akaanza kulia. Akasema, "Muacheni aseme. Dada naye alizaa hivi."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kumbe mzaliwa wako wa kwanza hakuwa mume wangu. Alikuwa mtoto wa kiume, maziwa yakamtokea puani, na hakuna aliyejua habari za kijiko. Alikufa kwa njaa kifuani pako. Mama mkwe wako akasema ulipasua boga ukiwa na mimba. Mkamzika migombani bila jina, ukaambiwa usimtaje tena.

Kwako boga, kwangu kuni. Lo!

Ulijua, mama. Ulijua linavyouma, ukalichukua vile vile lilivyo ukanipiga nalo mimi. Neno moja tu kwa daktari, ningepumua. Neno moja kwangu pale mlangoni, tungelia pamoja na kile kijiko. Uliona aibu ya mtoto wako ni bora ianguke kwa binti wa watu.

Felista alikitoa kile kitenge sandukuni, hakijawahi kufungwa na mtu. Baba mkubwa akamuuliza mtoto mwenyewe kama anataka jina la bibi yake. Akamtazama bila kupepesa, akasema, "Mimi naitwa Tabu." T imesimama, B imesimama. Vigelegele nikapiga mwenyewe.

Kwaheri, mama. Bado nina hasira na wewe, na sijui zitaisha lini. Lakini mwanao wa migombani nimemlilia leo asubuhi, nadhani ni mara ya kwanza analiliwa waziwazi na mtu wa nyumba hii, baada ya miaka yote hiyo. Kitenge nimekitandika pale alipozikwa, Felista kanionyesha. Daktari akirudi nitamwambia habari zake, na kijiji kisikie.

Na wewe nakuahidi hili. Tabu atakua, ataolewa, atazaa. Mtoto wake aje na kaakaa zima au lililopasuka, nitakuwepo na kijiko changu, na jina nitampa langu.

Anastazia