Benchi la Ofisi ya Kazi

Songea,
Agosti 1994

Dada yangu mpendwa Saada,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mdogo wako nipo, mzima, ingawa mgongo umechoka. Sijui hali yako, ya watoto, na lile goti la mama. Huku baridi ni kali, nalala na koti.

Umeuliza kama nimepata kazi, maana Mjomba Salum anataka jibu kuhusu mikorosho yangu. Ni kweli nilikuambia nikipata tu, muuzie, nami ninunue kiwanja huku.

Tangu nifike nabeba magunia ya mahindi sokoni kwa kutwa, na kila Jumatatu naenda Ofisi ya Kazi. Tunakaa kwenye benchi, kila mtu kwa zamu yake. Karani wetu alikuwa Bwana Hironimus, Mngoni, mtu wa tai na maneno ya upole. Hakuwahi kumfukuza mtu. Alitueleza bila kuficha kwamba mashirika ya serikali yanapunguza watu, na matajiri wa sasa hawaleti nafasi ofisini, wanachukua ndugu zao.

Jumatatu hii tulimkuta amekaa mwisho wa benchi, na tai yake. Tukadhani anatania. Kumbe naye amepunguzwa. Mama mmoja, Kunegunda, akasogea kumpa nafasi akamwambia, "Karibu, mkubwa. Ila foleni umeikuta." Akacheka mwenyewe, nasi tukacheka.

Mchana afisa akatoka na nafasi moja tu: mlinzi wa ghala la tumbaku, Namtumbo. Zamu ilikuwa yangu. Dada, sikufichi. Nilimwona Hironimus ananitazama, nikasimama upesi, mtu asije akaniomba nimpishe. Kumbe akanifuata nje kuniwekea kola vizuri na kunifundisha namna ya kumjibu tajiri. Nikaona haya. Nikamuuliza yeye sasa atarudi wapi.

"Sina pa kurudi, mdogo wangu," akasema. "Shamba la baba kule Madaba niliuza mwaka ule nilioajiriwa."

Basi kazi nimepata, naanza wiki ijayo. Lakini mikorosho usiuze. Mwambie mjomba niliyegeuka ni mimi, asikukasirikie wewe. Nisaidie kufyeka chini yake kabla moto wa porini haujafika, na korosho za msimu huu ziwe zako na watoto.

Mama mpe mkono wangu, na wote wa Nalasi wanaoniulizia waambie bado nawakumbuka.

Ndimi mdogo wako,
Muhsini