Bafle Ndogo na Ubeti wa Tatu

Ruashi, Lubumbashi
Shaba, Zaire
Jumapili, 21 Novemba 1976

Mpendwa Yaya Stanislas, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Ruashi. Kwenye bahasha nimeandika Mulenga peke yake, kama inavyotaka sheria ya majina, isiyoruhusu jina la ubatizo, lakini humu ndani utabaki Stanislas. U hali gani? Kile kikohozi ulichotuandikia mwezi wa kumi kimepona? Mama anauliza kama unaivaa ile fulana ya sufu chini ya shati, au umeiweka tu kwenye sanduku. Ameota mara mbili kwamba unatembea mitaa ya Liège, huko Ulaya, bila viatu.

Sisi ni wazima. Baba bado yuko zamu ya usiku kwenye tanuru, na sikio lake la kushoto sasa halisikii kabisa. Ukitaka kumwita, zunguka upande wa kulia. Bibi aliteleza bombani lakini hakuvunjika mfupa. Mvua zimeanza, na shamba la Kasungami tumelipanda mahindi lote.

Mimi, kama unavyojua, nimetoka shuleni tangu mwezi wa saba. Sista alisema ningeweza kuendelea, lakini mwaka huu ni zamu ya mdogo wetu Chanda kusoma, nami sikubisha. Ndiyo maana kazi uliyoniachia katika chumba cha kanda cha kwaya ilikuwa kitu changu cha pekee. Kila kaseti ya nyimbo iliyokuwa ikienda kwenye makanisa ya vijijini ilipita kwanza masikioni mwangu, nikasema kama sauti ni safi au hapana. Nilifanya hivyo miezi miwili. Sasa sifanyi tena. Uliniuliza katika barua yako tumechagua bafle gani za kutolea sauti ya kanda, na siwezi kukujibu hilo bila kukueleza na haya mengine.

Bafle yetu moja ya zamani ilipasuka. Mhandisi mmoja wa kule mtaa wa Golf, anayerudi kwao Ulaya, alikuwa na jozi mbili za kuuza, akatuachia zote siku ya Jumamosi tuzijaribu na kuchukua jozi moja. Jozi ya kwanza ni masanduku marefu yanayonifika kifuani, ya mbao zinazong'aa. Ya pili ni bafle ndogo za kuweka mezani, kila moja urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, lakini nzito hivi kwamba nilizibeba moja moja kwa mikono miwili. Mhandisi alisema hizo ndogo ndizo alizozitafuta muda mrefu zaidi.

Nilizipanga kama ulivyonifundisha. Niliivuta meza hatua mbili kutoka ukutani ili sauti nzito isivimbe. Nilizipandisha juu ya vitabu vya zamani vya misale mpaka zikawa sawa na masikio yangu, nikakunja kitenge na kukiweka chini ili meza isitetemeke. Nilipima kwa kamba: kutoka bafle hadi bafle, na kutoka kila bafle hadi kichwa changu, urefu mmoja. Kisha nikazigeuza zinitazame.

Yaya, sauti haikutoka kwenye masanduku. Ilikaa katikati, mbele ya uso wangu, kama mtu amesimama pale pasipo na mtu. Nilisikia karatasi ikifunuliwa. Nilisikia kwamba mmoja wa waimbaji alikuwa na mafua. Yale masanduku makubwa yalinitikisa kifua, lakini yalimeza maneno, na kila mwimbaji alikuwa mzima. Basi nikajua ndogo ndizo za kuchukua. Kwa mtu mmoja aliyekaa karibu na meza, anayetaka kusikia kosa kabla kaseti haijaondoka, hakuna cha kufikiri mara mbili.

Kamati ilikuja saa tisa: Mwalimu Edouard anayeongoza kwaya, mkewe Mama Julienne, na Mama Marceline, présidente wetu. Viti vya heshima, unakijua chumba kile, viko nyuma kabisa, karibu na mlango. Mbele ya meza kuna kile kigoda tu cha mwandishi. Nilimwomba Mama Marceline asogee, nikamwambia bafle hizi husikilizwa kwa karibu. Alikitazama kigoda, akanitazama mimi.

"Miye, na unene yangu, nikae kwa kiti ya mutoto?"

Basi wote wakakaa mlangoni, na kutoka mlangoni bafle ndogo zililia kama redio ya jirani.

"Hii iko sanduku ya sabuni," Mama Marceline alisema. "Siku ya kilio, bantu batasikia nini?"

"Batasikia harufu," Mwalimu Edouard akamjibu, wakacheka hata wakafuta macho.

Unanijua, Yaya. Mbele ya wakubwa sauti yangu hukauka. Lakini niliona uchungu, kwa sababu walikuwa wanakataa kitu ambacho hawajakisikia. Nikasema, bila kuinua uso, kwamba hizi ndogo zinaonyesha mambo ambayo zile kubwa zinaficha.

"Zinaonyesha nini?" Mwalimu Edouard aliuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa anacheza nami. "Weka ule wimbo yetu ya sadaka. Kaa pale, utuambie unasikia nini."

Wimbo huo ndio fahari yao, ule unaopigwa kila Jumapili kwenye pavioni, kile kipaza sauti cha uwanjani, baada ya misa. Unajua ulirekodiwa mara mbili. Kwanza mwezi wa tatu, Germaine akiimba peke yake mbele ya kwaya. Kisha mimba ya Germaine ikaonekana, ya yule dereva aliyerudi kwa mke wake kule Likasi, kamati ikamtoa, na mwezi wa saba Mama Julienne akauimba upya. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa wote, na hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nikakaa kwenye kigoda. Ubeti wa kwanza, Mama Julienne. Ubeti wa pili, Mama Julienne. Ubeti wa tatu, ule unaopanda juu, kulianza kitu kidogo sana nyuma ya sauti, kama mchele unaomwagwa taratibu kwenye ungo. Ubeti ulipokwisha, kikakatika ghafla.

"Minasikia mvula," nikasema.

"Mvula!" Mama Marceline alipiga makofi. "Mvula ya mwezi wa saba, kwa kiangazi? Weye mutoto, ulizaliwa Ulaya?"

Walicheka tena, nami nikaona nimepata nafasi ya kuzitetea zile bafle. Niamini, Yaya, sikuwa na nia nyingine. Nilirudisha kanda, nikawaambia wasikilize mvua inavyoanza na inavyokatika, kwamba hapo kanda imekatwa na kuunganishwa. Nikasema, na hata leo nasikia aibu jinsi nilivyolisema kwa furaha: "Na pale mwimbaji anavuta pumzi kwa pua. Mama Julienne anavuta kwa mdomo. Ule haina Mama Julienne. Ule ni Germaine."

Mama Julienne alianza kukunja ukingo wa kitenge chake, akakunja, akakunjua. Mwalimu Edouard alikuja, akazima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

"Hizi bafle ziko na bongo, zinadanganya," alisema.

Kisha Mama Marceline akainuka. Alikuja mpaka mezani, akanisogeza kwa bega, akakaa kwenye kile kigoda alichokikataa. "Washa," akaniambia. Nikawasha. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikaona kila kitu. Ubeti wa tatu ulipoanza, kidole chake kilichokuwa kikipiga goti kikasimama. Kikabaki hivyo mpaka ubeti ukaisha. Alisikia, Yaya. Alisikia kama nilivyosikia mimi.

Akanyanyuka, akaishika meza kidogo kwa sababu ya magoti.

"Miye sisikie kitu," akasema. "Tutwae zile kubwa."

Wakachukua zile kubwa. Ndogo zilirudi Golf Jumatatu katika gari la mhandisi, zimefungwa kwenye blanketi. Nilipokuja kazini, Mwalimu Edouard alinipokea mlangoni, mkono wake ukiwa kwenye komeo. "Mutoto mwanamuke, kaa kwanza kwenu, upumuzike," alisema. Sikumuuliza nipumzike kutokana na nini. Nilimwambia asante, Mwalimu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba kazi imekwisha, na mpaka leo hajui kwa nini. Sasa naenda na Bibi Kasungami kupalilia.

Kama yangekuwa hayo tu, ningekuandikia barua fupi. Wengi hukosa kazi. Nilijiambia angalau nimesema ukweli, na Germaine amepewa sauti yake mbele ya watu. Nilikuwa najivunia hilo peke yangu, jioni, nikiosha vyombo.

Jumapili iliyofuata wimbo ulipigwa uwanjani kwenye bafle mpya. Ulikuwa na beti mbili. Ubeti wa tatu haupo. Wameukata, na ile kanda yenyewe wameirekodia mafundisho ya komunyo ya kwanza.

Jumanne Germaine alinikuta bombani, mtoto mgongoni. Nilimtabasamia. Hata nilimsogelea, kwa kuwa nilidhani amekuja kunishukuru.

"Honorine, nani alikutuma?" aliniuliza.

Nikaanza kumweleza habari za bafle, za kamba, za misale. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua niko pale," akasema. "Mwalimu alijua. Nililia mbele yake, aniachie hata ubeti moja, naye akaniachia. Baba yangu hanisemeshe tangu hii mimba. Lakini kila dimanshi, wimbo yangu ikilia, anatoka na kiti yake anakaa inje. Ikiisha, anarudisha kiti. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Dimanshi hii alitoka na kiti, akangoja. Akangoja. Sasa kiti iko ndani."

Nilisema sikujua.

"Yaya yako alijua," akasema. "Mwalimu hajue hata kushika wembe. Ni Stanislas alikata ile bande ya wimbo, akaiunga. Hakukuambia?"

Hukuniambia, Yaya. Ulikaa nami wiki tatu kabla ya kuondoka, ukanifundisha kusikia mahali kanda ilipoungwa, ukaniambia sikio lisilosema linachosikia ni bure. Uliniandikia kurasa nne juu ya umbali wa bafle na kimo cha meza. Nilizishika zote kwa moyo. Na hukutenga hata mstari mmoja kuniambia: kuna ubeti mmoja pale, ukiusikia, nyamaza. Ulikata vizuri, ukaona hakuna bafle ya Ruashi itakayokufichua, kisha ukanituma nikatafute bafle bora.

Sikuandikii ili uone haya. Au labda ndiyo, kidogo. Nimeiandika barua hii mara tatu, na mara mbili za kwanza nilikuwa mpole zaidi.

Nina ombi moja. Ulipoondoka ulichukua kaseti ya mwezi wa tatu, ile ya kwanza, yenye Germaine tangu mwanzo hadi mwisho. Itafute. Kama umekwisha kurekodia masomo yako juu yake, niambie wazi hivyo hivyo, nami nitapeleka jibu hilo mwenyewe. Kama bado ipo, usinitumie mimi. Itume kwa jina la baba yake Germaine, Mzee Ngosa, barabara ya nyuma ya kanisa. Mashine ya kuipigia hawana. Nitaomba ya jirani, nitaibeba mpaka mlangoni kwao, kisha nitaondoka, sitakaa kusikiliza.

Mama na Baba wanakusalimu. Bibi anasema usioe huko kabla hajamwona binti. Chanda anaomba kalamu ya rangi nne. Mama Marceline alinisimamisha jana sokoni, akanishika mkono muda mrefu, akasema nikupe salamu zake. Germaine hakunipa salamu za kukupelekea.

Mungu akulinde katika baridi hiyo, na akujalie mwisho mwema wa masomo yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

Honorine Kunda