Kilo za Kyalo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mimi najua kuandika barua tu, na barua huanza na salamu. Basi salamu kwa Kamene binti yangu huko Kitui, kwa mume wake Mulwa, kwa watoto wote wawili, kwa mama mkwe na mguu wake. Hapa Kaloleni tuko wawili. Mimi na mwanangu Kyalo, na hiyo kansa ya koo lake.

Sista Selpher wa kliniki amesema uji wa maziwa, unga wa karanga, yai na mafuta. Kidogo kidogo mara sita, na akae wima. Akishuka chini ya kilo arobaini na tano, dawa inasimama kwanza. Kyalo akacheka: Mwaitu, mama yangu, huu uji unaweza kujenga nyumba! Akameza vijiko vinne.

Mimi nilikula muthokoi wangu, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nje karibu na mfereji, asisikie harufu. Anaupenda sana. Lenah jirani akauliza, Mama Kyalo, umefukuzwa kwako?

Alhamisi, 6 Machi

Mizani ya kliniki imesema arobaini na sita! Koti alikataa kuvua, eti baridi. Sista akaniuliza, mama, unapika nini? Nimeimba mpaka nyumbani. Ni uji wangu!

Jumanne, 11 Machi

Nimefua lile koti. Ndani ya mifuko, vifaru wawili wa mpingo, mmoja kila upande. Aliwachonga mwenyewe kazini Gikomba, kabla ya ugonjwa. Nikawapeleka kwa mizani ya duka la Muriuki. Kilo mbili na nusu.

Kumbe uji wangu haukuongeza kitu.

Kyalo akasema, mwaitu, Phares wa kazini alisimamishwa dawa, hakurudi tena. Usiniangushe. Akawarudisha mifukoni.

Lakini sista alisema dawa wanapima kwa kilo. Kilo ya uongo, dawa inazidi mwili. Nimuulize nani? Baba yake yuko kaburini. Hata muthokoi sikupika leo.

Jumatano, 12 Machi

Kliniki, kwenye benchi. Akiwa anaoga asubuhi niliwatoa vifaru. Wako ndani ya kiondo changu, chini ya chupa ya uji. Hajui. Nimemwandikia Kamene kwa simu: nimemtoa ndugu yako kilo zake, nimefanya vibaya? Hajajibu.

Sista ameita, Kyalo Mutie! Ameinuka. Ameshika mfuko wa koti. Mwingine pia. Amegeuka, ananitazama.

Kamene mwanangu, jibu haraka, nimwambie nini —