Sasisho Dogo la Gemu la Eufrasia

Jumatatu, 9 Juni

Nimeandikia wateja maombi mawili ya ardhi kabla ya saa nne. La tatu nimelikataa. Mteja alitaka nimtukane mjumbe wa baraza. Mimi situkani kwa maandishi. Baridi kali. Upepo ulinipeperushia karatasi kwenye meza yangu ya barabarani, nikaziwekea jiwe.

Jioni nimetekeleza agizo la Eufrasia. Huyu ni mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu. Msimu huu yupo Laela akinunua mahindi. Mashine yake ya gemu iko sebuleni kwangu, kwa kuwa chumba alichopanga kule hakina umeme wa kuaminika. Jumapili, saa nane mchana, anacheza mechi ya mpira kwa njia ya mtandao, hatua ya mwisho ya kanda. Akishinda, anakwenda Dar es Salaam. Amekwisha kuwafunga wote, kuanzia hapa hadi Tunduma. Waandaaji wametangaza kwamba asiye na toleo jipya la mchezo hataingia.

Kazi yangu ni kusakinisha sasisho. Dogo mno, MB mia nne. Alinisisitizia kwa simu: "Kaka, washa, kubali, halafu iache. Nakuomba, iache." Sikupenda. Mtu anayeandika rufaa zikasomwa na majaji haagizwi mara mbili kubonyeza kitufe.

Nimebonyeza. Mashine imekataa. Nafasi haitoshi.

Jumanne, 10 Juni

Haieleweki. Sasisho ni MB mia nne, lakini mashine inadai nafasi ya zaidi ya GB hamsini. Ni kama mgeni mmoja kudai nyumba nzima ihamwe apate pa kulala.

Nikashuku mtandao. Nikaandaa lalamiko la ukurasa mmoja, aya tano, nikampelekea Shabani anayeuza vifurushi vya intaneti karibu na stendi. Akalisoma kwa sauti mbele ya wateja.

"'Kwa masikitiko makubwa nalazimika kukujulisha...' Mzee wangu, shikamoo kwanza. Hii barua ni ya kumwacha mchumba!"

Wakacheka. Sikucheka.

Kisha akanieleza. Apdeti ni ndogo, akasema, lakini gemu lenyewe ni kubwa, na mashine haibandiki kiraka juu yake. Inanakili gemu lote pembeni, inaingiza mabadiliko, inakagua nakala neno kwa neno. Ikiridhika ndipo inafuta la zamani na kuweka jipya mahali pake. Ndiyo maana inataka nafasi ya magemu mawili. "Bando langu lilimaliza kazi dakika ile ile, mzee. Kilichobaki ni cha ndani ya mashine, na mashine yenu ni kongwe."

Nilimweleza kwamba neno sahihi si apdeti, ni sasisho.

"Sawa, mzee. Sasisho. Litachukua muda ule ule."

Jumatano, 11 Juni

Eufrasia ameridhia nifute michezo mingine miwili ili nafasi ipatikane. Aliridhia kwa sauti ya msiba. Mmojawapo ni wa magari, alikuwa anaupenda.

Nafasi imepatikana. Nikaanza upya saa kumi. Kuna mstari wa samawati unaojaa kutoka kushoto, na chini yake muda uliobaki. Kwanza dakika arobaini. Nikanywa chai, nikarudi: saa mbili. Nikatoka kumwona jirani, nikarudi: saa tatu. Sijapata kuona kazi ambayo kadiri inavyofanywa ndivyo inavyozidi kubaki.

Umeme ukakatika jioni. Ukarudi. Mashine ikaanza mwanzo, gemu la zamani likiwa salama. Hapo nilimkubali Shabani kidogo. Kidogo tu.

Silali vizuri. Sijui kwa nini jambo dogo hivi linanikera kuliko shauri la mpaka.

Alhamisi, 12 Juni

Sikwenda mezani leo. Wateja wamenisubiri na kuondoka. Nimekaa mbele ya mstari tangu asubuhi.

Saa sita ulikuwa umekaribia kujaa. Unywele tu umebaki. Saa saba, unywele ule ule. Saa nane, ule ule. Maneno ya muda uliobaki yakatoweka. Taa inawaka, hakuna kinachosogea. Mke wangu Adelina akasema njoo ule. Sikwenda.

Mimi nimeishi na majalada. Nayajua. Jalada lisipofuatiliwa linalala kabatini hadi panya walijue. Hati za watu nimezitoa kwa kukaa kwenye benchi la ofisi kila asubuhi hadi karani akachoka na uso wangu. Ndiyo elimu yangu, sina nyingine. Basi nikafuatilia. Nikabonyeza pedi ya kuchezea, kimya. Nikabonyeza tena na tena, kimya. Nikaamini mashine imelala. Nikachomoa waya ukutani.

Nikauchomeka.

Kioo kikawaka na kunishtaki: mashine haikuzimwa ipasavyo. Ikajikagua muda mrefu. Mwishowe ikatoa hukumu: mchezo umeharibika, ufutwe, upakuliwe upya. Si sasisho. Mchezo. Wote.

Adelina alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Haya." Akarudi jikoni.

Nimeanza kupakua. Kwa kasi ya mtandao wa hapa, GB hamsini ni safari ya siku kadhaa. Nina hofu, na ninaiandika hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi mezani kwa sababu nyumbani siwezi kukaa.

Mama mmoja kutoka kijiji cha Kate alikuja kuchukua ombi lake la shamba. Kurasa nne, kazi safi. Katika kulisoma, akagundua namba ya kiwanja imekosewa tarakimu moja. Nikachukua karatasi mpya, nikaanza kuandika kurasa zote nne tena. Basi lake lilikuwa linapiga honi.

"Baba, ni namba moja tu! Si ufute hapo juu, uandike?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. Waraka wenye mfuto ofisini huonekana umeghushiwa. Ninaandika wote upya, ninalinganisha na wa kwanza mstari kwa mstari, na ule wa kwanza siuchani mpaka mpya umetiwa sahihi.

Nilipomaliza kusema hayo nikaiweka kalamu chini.

Ndivyo mashine inavyofanya. Kwa tarakimu moja inaandika kurasa zote. Na ule unywele wa mwisho, nilipodhani imelala, ilikuwa inalinganisha mistari, au imekwisha kuanza kuchana ya zamani na mpya haijatiwa sahihi. Mtu angeninyang'anya kalamu dakika ile, mama wa Kate angebaki bila waraka wowote.

Akakosa basi. Alinitazama vibaya kabla ya kwenda kutafuta gari jingine. Nilimwelewa kabisa.

Jioni nimempelekea Eufrasia ujumbe mrefu. Nimeeleza kuwepo kwa hitilafu, hali ya umeme wa Alhamisi, na jitihada zinazoendelea. Kila sentensi imekaa vizuri. Akajibu kwa sauti, magari yakipita nyuma yake: "Kaka, sasa mbona umeandika kama serikali? Imekamilika au haijakamilika?"

Haijakamilika. Haijafika nusu.

Jumamosi, 14 Juni

Amekuja na basi la mchana, vumbi la mahindi likiwa bado kwenye kitenge. Alimsalimu Adelina, akamtania kwamba wifi gani huyu anayezidi kupendeza wakati mume anazidi kukauka. Kisha akaketi mbele ya kioo na furaha ikamwisha.

Hakufoka. Aliuliza mara moja: "Nini kilitokea Alhamisi?"

Nikasema umeme.

Akatikisa kichwa. Akamwita Shabani, aliyekuja na kisanduku cha mtandao wa dukani, wakakiweka dirishani, wakakihamisha, wakakipandisha juu ya kabati. Kasi ikapanda kidogo. Shabani akamwambia, "Mshikaji, wewe hata kwa pedi iliyovunjika unawafunga wale. Tatizo ni kuingia tu." Akacheka peke yake. Alipoondoka hakunitazama.

Nimetembea hadi sokoni na kurudi bila kununua kitu. Nimetembea tena.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri.

Saa sita, robo ya mstari ilikuwa bado. Saa saba unusu, bado. Eufrasia alishika pedi mkononi muda wote kana kwamba gemu lingeweza kuamka ghafla. Adelina aliweka wali na maharage mbele yake, vikapoa. Saa nane ikafika. Mstari ukaendelea kujaa kwa mwendo wake. Baada ya robo saa simu ya Eufrasia ikalia mlio mfupi. Mchezaji hakuhudhuria. Mpinzani amepewa ushindi.

Akaiweka simu kifudifudi.

Nilifanya nilichojua. Nikaleta karatasi na kalamu, nikavaa miwani. Nilikuwa na hoja tatu za rufaa: hitilafu isiyozuilika, taarifa fupi mno kutoka kwa waandaaji, na rekodi safi ya mchezaji. Hoja nzuri. Nikauliza jina rasmi la mashindano.

"Kaka, usiandike."

Nikasema muda wa rufaa huwa mfupi, tusiuchezee.

"Alhamisi umeme haukukatika. Duka la Shabani liliwaka siku nzima." Hakupandisha sauti. "Nilikuambia uiache. Sasa utawaandikia nini? Kwamba umeme?"

Adelina alikuwa anasikia. Nikakunja karatasi. Nikavua miwani.

Akaenda kulala kabla ya giza.

Jumatatu, 16 Juni

Ameondoka na basi la alfajiri. Aliniamkia kama kawaida, akabeba mfuko wa ulezi aliofungiwa na wifi yake. Hakusema atarudi lini. Sikuuliza.

Mchezo umekamilika kupakuliwa saa tatu asubuhi.

Sikwenda mezani. Nimeketi kumwandikia. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, yenye utangulizi. Nimeiweka kando. Ya pili ilikuwa aya moja, nayo ilianza na mazingira ya tukio. Nayo nimeiweka kando. Saa tano nimetuma hii: "Eufrasia, nilichomoa waya mimi. Halafu nikakudanganya. Nisamehe."

Alama inaonesha ameisoma. Hadi jua linazama hajajibu.

Sifuatilii.